Sehemu ya 6: Zhongli ni chandarua, lakini usimvute kwa hela ya kodi

Kuna mdogo wetu mmoja kanifuata inboksi tangu juzi: "Dada nesi, nimebakiwa na hela ya kodi ya chumba tu, niimalizie humo nimvute Zhongli?" Jibu lipo mwishoni. Kwanza tumpime mhusika mwenyewe.

Kwa wageni: Zhongli ni mhusika wa nyota tano kwenye gemu la Genshin Impact, alitoka Desemba 2020. Kazi yake kubwa ni ngao. Alipotoka walimponda kwelikweli, hasa wachezaji wa China: nyota tano gani hii, haumizi adui! Februari 2021, kwenye toleo la 1.3, akaongezewa nguvu. Sasa ngao yake inanyonya kila aina ya kipigo kwa ubora wa asilimia 150, na adui aliye karibu anapunguziwa ukinzani kwa asilimia 20. Inadumu sekunde 20, na unaweza kuiweka upya baada ya 12. Yaani haikatiki mpaka ivunjwe.

Na bado mnasema "hapigi". Haya, niwaulize: chandarua kinampiga nani? Hapa Tabora ukilala ndani ya chandarua mwaka mzima, hakuna anayekupongeza asubuhi. Malaria ambayo haikukupata haionekani popote. Wodini anashukuriwa aliyetundika dripu, aliyegawa vyandarua kliniki kasahaulika. Ndivyo mnavyompima Zhongli. Mnahesabu namba zinazoruka kwenye skrini, hamhesabu mara ngapi mpigaji wenu hakukatizwa.

Halafu sisi wa huku tunacheza seva ya Ulaya kwa bando la simu. Unabonyeza kukwepa, mhusika anakwepa akiwa ameshapigwa. Mponyaji anakuja umeshaumia, ngao ilikuwepo kabla. Kinga ni bora kuliko tiba, hili siyo la kufundishwa na gemu.

Ila nisiwe shabiki tu, kasoro anazo. Haponyi mpaka uwe umempata mara saba. Mbwa wale wa Rifthound wanakula uhai wako ukiwa ndani ya ngao hiyohiyo. Na kule Spiral Abyss unapimwa kwa muda, kusimama tu bila kufa siyo ushindi. Wanyamwezi tunalijua hili. Mtemi Isike alikuwa na boma la kuta nene hapa Unyanyembe, kwenye njia kuu ya misafara ya kwenda Bagamoyo. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia wakashindwa. Januari 1893 wakarudi, likaanguka. Ukuta unakununulia muda. Usipokuwa na wa kuutumia huo muda, umechelewesha tu.

Kwa hiyo hukumu yangu: ukiwa na mpigaji mzuri, Zhongli ni wa kwanza kumfikiria. Ukiwa huna mpigaji, asubiri.

Sasa rudi kwenye hela, mdogo wangu. Kila ukivuta, nafasi ya nyota tano ni asilimia 0.6. Ukifika mara 90 unapewa mmoja kwa lazima, lakini anaweza asiwe Zhongli. Ikikukalia vibaya unahitaji kuvuta mara 180. Hiyo ni bahati nasibu iliyovalishwa nguo nzuri, na hela ya kodi haichezewi bahati nasibu.

Tena unaye Noelle. Yule dada wa nyota nne unapewa kwa uhakika kwenye bango la wanaoanza. Ngao yake inadumu sekunde 12 tu na inachelewa kurudi, lakini akipiga huku ameivaa anaweza kuiponya timu nzima. Ni chandarua cha bure cha kliniki. Kitundike kwanza kabla hujalilia cha dukani.

Lipa kodi. Mabango huwa yanarudi, Zhongli atakuja tena na wewe utakuwa umeshadunduliza vito vyako taratibu. Mwenye nyumba akishafunga mlango kwa kufuli, hakuna ngao ya sekunde 20 itakayokusaidia.