Huyu Alichimba Wapi?

Muhula uliopita, katika semina ya fasihi simulizi, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba bluzi ni muziki wetu. Alisema ulivuka bahari ndani ya meli za watumwa, na kwamba mpiga nyatiti wa Siaya na mpiga gitaa wa Mississippi ni ndugu wa damu. Tulimpigia makofi. Mwenzetu wa pili akasimama akasema kinyume chake: msichana wa Busia anayesikiliza bluzi ana kasumba, kwa nini asisikilize muziki wa kwao? Huyo naye tulimpigia makofi. Msichana wa Busia aliyekusudiwa ni mimi, na siku hiyo nilinyamaza. Leo nasema kwamba wote wawili walikosea, na kosa lao ni lile lile: kila mmoja aliuliza bluzi ni ya nani, na hakuna aliyeuliza inafanya kazi gani.

Kwanza nieleze nilivyokutana nayo. Tiira ni mji wa dhahabu katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda, kati ya Tororo na mpaka. Dhahabu imechimbwa huko tangu enzi ya mkoloni. Ukisimama senta jioni utasikia Kisamia, Kiteso, Kijopadhola, Kisoga na Kiganda, na pale watu wa lugha hizo wanapotaka kuelewana juu ya shimo, kamba au pesa, utasikia Kiswahili. Wapo waliotoka ng'ambo ya mpaka, Kakamega na Migori. Wapo waliokuja baada ya wachimbaji wadogo kufukuzwa Mubende mwaka 2017. Mama alinituma senta, nikiwa kidato cha sita, nikamwekewe nyimbo za Kenny Rogers na Jim Reeves kwenye memori kadi. Asiyejua nyumba za kwetu atashangaa, lakini Jumapili mchana huwezi kupita mtaa mzima bila kuwasikia hao wawili. Kijana wa kibanda alinipa faili lililoandikwa "kantri".

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa zenyewe. Ya tatu ilianza na mtu anayekwaruza nyuzi kama anayekwangua ukoko wa sufuria, kisha ikaja sauti nzito, ya mtu aliyechoka lakini hajalala. Mama akasema zima hiyo. Sikuzima, nilitoka nayo nje. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa Son House. Kiingereza chake sikukielewa hata nusu. Nilielewa kwamba mtu huyu hakuwa akiniimbia ili nimpende, na hilo lilikuwa jipya kwangu, maana nyimbo zote nilizozijua, za kanisani na za redioni, zilikuwa zikiomba kitu.

Nyuma ya kibanda cha shangazi yangu anayeuzia wachimbaji chakula, watu wachache hukutana Jumamosi jioni. Kikundi chao hakina jina. Wana gitaa moja ambalo uzi wake mmoja ni waya wa breki ya baiskeli, wana litungu moja, chupa ya soda inayokwaruzwa kwa kisu, na dumu la lita 20. Wanaimba kwa zamu. Mmoja anaimba habari za mwanamume aliyemwahidi mkewe mabati akarudi na kikohozi. Mwingine ana wimbo mrefu kuhusu mnunuzi wa dhahabu ambaye mizani yake huwa na njaa kila siku. Mama mmoja anayetwanga mawe huimba akiwalaumu wote, na huyo ndiye wanayemwogopa. Nilikulia hapo nikiosha sahani, na kusema kweli niliwaona walevi tu.

Jumamosi moja niliwawekea Son House kwenye simu. Wakanyamaza. Wimbo ulipokwisha, mzee wa gitaa akaniuliza, "Mwanangu, huyu alichimba wapi?"

Hakuuliza ni mtu wa nchi gani wala wa rangi gani, na mimi nilikuwa tayari kumjibu hayo mawili tu. Son House hakuchimba dhahabu. Alilelewa katika nchi ya mashamba ya pamba, akahubiri, akafungwa katika gereza la Parchman ambako wafungwa walilimishwa. Nilipomweleza mzee, alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa. Akaniuliza kama nimeona jinsi anavyosema mstari, akaurudia, ndipo akaujibu. Nikasema nimeona, kumbe vitabu vinasema hivyo hivyo, kwamba ubeti wa bluzi mara nyingi ni mstari mmoja unaoimbwa mara mbili na wa tatu unaoujibu. Mzee alikuwa na sababu yake ambayo vitabu nilivyosoma havina. Mara ya pili, alisema, ni ya kuvuta pumzi. Unapopandisha ndoo ya mawe kwa kamba huwezi kuwa na neno jipya kila mvuto. Unalirudia neno la kwanza huku unatafuta la kumalizia, na likichelewa unalirudia tena, ndoo haijali.

Sasa nirudi kwa wenzangu wawili.

Anayesema bluzi ilitoka kwetu anadai kitu ambacho historia haimpi. Waafrika waliopelekwa Amerika Kaskazini kama watumwa walitoka kwa wingi Senegambia, pwani za Ghuba ya Guinea, Kongo na Angola. Waliotoka upande wa bahari yetu walikuwa wachache, wengi wao wa Madagaska na Msumbiji. Mtu wa Mali akidai undugu na Mississippi, kama Ali Farka Touré alivyokuwa akidai, walau ana mlango wa kubisha. Watumwa wa Afrika Mashariki walipelekwa zaidi Unguja, Oman, Ghuba na visiwa vya Bahari ya Hindi. Tukitaka kudai nyimbo zilizobebwa na watu wetu waliouzwa, twende Oman, Kuwait na Bahrain tukasikilize ngoma ya lewa, ambayo maneno ya Kiswahili yamo ndani yake mpaka leo. Mbona huko hatuendi? Sijawahi kusikia mtu akipigiwa makofi katika semina kwa kusema lewa ni yetu. Tunadai bluzi kwa sababu imeshapata heshima duniani, na kudai ndugu tajiri ni tabia ya zamani.

Tena bluzi ilipofika Afrika Mashariki haikufika kwa damu, ilifika kwa gramafoni. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, limetamkwa Kikipsigis. Rodgers alikuwa Mzungu wa Mississippi, mfanyakazi wa breki katika treni, aliyejifunza mengi kwa Weusi waliofanya kazi relini, na baadhi ya nyimbo alizoanza kutoa mwaka 1927 ziliitwa za bluzi. Alifariki 1933 kwa kifua kikuu. Sahani zake zikafika kwa Wakipsigis, nao waliposikia sauti isiyo na mwili wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Wala hawakusema Chemirocha ni babu yao. Walimchukua wakampa miguu ya mnyama na kinubi cha kwao, wakapata wimbo mpya. Mimi naona wasichana wale walikuwa na adabu kuliko sisi wa semina.

Huyu wa pili, mwenye neno la kasumba, ananitaka nisikilize muziki wa kwetu. Namuuliza ni upi. Nikimpa gitaa la George Mukabi, aliyefariki 1963, atasema naam, hilo ndilo la kwetu, Magharibi mwa Kenya, na chupa ya Fanta inalia pembeni. Lakini gitaa lilikuja na meli, na upigaji wa vidole wa miaka ile una deni kubwa kwa Katanga. Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Tracey huyo huyo mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa shaba ambao leo ni Likasi. Baadaye yeye na Edouard Masengo walifika Nairobi, na vijana wa huku wakaviangalia vidole vyao. Hao watu wa Katanga waliimba Kiswahili, Kiswahili cha migodini, kwa sababu mgodi ulikusanya watu wa makabila mengi na lugha ya kugawana kazi ikawa hiyo. Kwa hiyo "muziki wa kwetu" ni muziki wa watu waliohamishwa na kazi, wakiwa na chombo cha kigeni na lugha ya kuazima. Hiyo ndiyo habari ya Mississippi pia, bila mtu yeyote kuwa babu wa mwenzake. Mzee wa Tiira aliisikia kwenye simu yenye spika iliyopasuka, kabla mimi sijaisoma popote.

Hapa naona nimgeukie mtu wa tatu, ambaye hakusimama kwenye semina kwa kuwa alikuwa amekaa mbele.

Nilipoandika pendekezo la utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, nikusanye nyimbo hizi za Jumamosi na kuzichambua, mhadhiri mmoja alinirudishia karatasi akisema lugha ya nyimbo si sanifu, nitafute utenzi. Nampa haki yake: ni kweli si sanifu. Wachimbaji wetu husema "kitu yangu" na "watu mingi", na ngeli kwao ni kama ushuru wa mpakani, hulipwa na asiyejua njia za panya. Sitaki Kiswahili hicho kiingie kwenye mtihani wa sarufi; mimi mwenyewe nazihitaji alama. Lakini tangu lini fasihi simulizi ikachaguliwa kwa sarufi? Tunafundishwa katika kozi hiyo hiyo kwamba wimbo wa kazi ni utanzu, kwamba hutungwa papo hapo, kwamba fanani na hadhira hubadilishana nafasi. Mifano tunayopewa ni ya kuvuta nyavu na kutwanga mtama, yote ya watu wasio na majina katika kijiji kisicho na mahali. Halafu mwanafunzi anasema ninao watu, wako kilomita kadhaa kutoka nyumbani, nikifika Jumamosi nawakuta, na anaambiwa akatafute utenzi. Ninazipenda tenzi. Tenzi zimeandikwa, zimehaririwa, na zinangoja kwa usalama kwenye rafu.

Serikali ya Uganda iliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na tangu hapo tunalia kwamba Waganda wanakiona ni lugha ya askari na wezi, haina nyumba kwetu. Nyumba iko nyuma ya kibanda cha shangazi. Kuna watu wanaokitumia bila kulazimishwa, kutoa uchungu wao, na sisi wenye shahada za lugha hiyo tunawapita tukiziba pua.

Nasema haya kwa hasira kwa sababu ya jambo moja nililolisoma kuhusu Son House. Baada ya kurekodi miaka ya 1930 na 1940 alihamia kaskazini, Rochester, akaacha muziki. Mwaka 1964 vijana wapenzi wa bluzi walimtafuta wakamkuta. Hakuwa na gitaa, na nyimbo zake alikuwa amezisahau, hivyo kijana mmoja, Al Wilson, aliyezijua kutoka kwenye sahani za zamani, alikaa naye akamkumbusha nyimbo zake mwenyewe. Naiwaza picha hiyo mara nyingi. Iliwezekana kwa sababu mtu alikuwa amerekodi. Chemirocha nayo ilirudishwa kwa Wakipsigis zaidi ya miaka 60 baadaye kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya Tracey. Hakuna maktaba yoyote yenye nyimbo za Tiira.

Mzee wa gitaa anachoma zebaki kwa miaka mingi, na mikono imeanza kutetemeka. Mwaka jana alikuwa akipiga kwa vidole vitatu, sasa anapiga kwa viwili, na wimbo wa mizani ameufupisha kwa beti ambazo anasema hazikumbuki vizuri. Nilimwomba aniimbie taratibu nirekodi kwa simu. Ninazo 11, zenye kelele za dumu na za shangazi akidai pesa za chapati. Pendekezo la utafiti nimeliandika upya na kulipeleka kwa mhadhiri mwingine, na kichwa chake sijakibadilisha. Ikishindikana huko pia, mwenye kifaa bora kuliko simu yangu anitafute, twende Jumamosi. Tufike kabla ya saa kumi na mbili jioni, baadaye wanakuwa wamelewa kweli.