Wanaume wana kijiwe, kina mama wana umbea?

Nimerudi Dar juzi kutoka likizo nyumbani Njombe, na nimerudi na hasira. Nilitaka kuandika jambo hili gazetini, bosi wangu akasema hiyo siyo habari. Sawa. Naliandika hapa.

Kuna duka la nyuzi pale mjini. Chumba kimoja, benchi la mbao nje. Alianza bibi, sasa anauza binti yake, na mjukuu hukaa kaunta akitoka shule. Sweta langu la darasa la kwanza lilifumwa kwenye lile benchi, na mama yangu ndipo alipojifunzia kufuma. Sasa mwenye nyumba amewapa notisi mpaka mwisho wa mwezi. Amepata mpangaji wa mashine za kubeti.

Nyumba ni yake, sibishani naye. Ninaobishana nao ni wale wanaoshangilia. Mtumishi mmoja wa umma, msomi kama mimi, aliniambia, "Afadhali liondoke. Wale kina mama wanakaa tu pale kupiga umbea."

Nikamuuliza, na wazee wa kijiwe cha kahawa, wanaocheza bao kuanzia saa nne asubuhi? Akacheka. "Wale wanajadili siasa, bwana."

Umeona, ndugu yangu? Mwanaume akikaa bila kazi anajadili siasa. Mwanamke akikaa huku mikono inafuma, anapiga umbea!

Mimi nilikaa pale mchana mmoja. Nilimkuta binti mjamzito akifundishwa kufuma kofia ya mtoto, na huku anaulizwa kama ameshaanza kliniki. Mama mmoja alipokea zamu yake ya mchezo, akahesabiwa hela mbele ya wenzake wote. Mwingine alikuwa anafumua sweta la mtoto mkubwa ili uzi uleule utoshe kwa mdogo wake. Mjane aliyekuwa hajatoka nyumbani tangu arobaini alikuja kununua vifungo viwili, akakaa saa tatu. Huo ndio umbea wenyewe.

Halafu kuna hili la uzi. Aliyewahi kukaa Njombe mwezi wa Juni anajua baridi ile si ya kubembelezana nayo. Mtoto lazima awe na sweta, tena la rangi ya shule yake. Ukinunua uzi kidogo leo na mwingine mwezi ujao, rangi zinaweza kuachana, sweta likaonekana lina kiraka. Sasa mama asiye na hela ya kununua wote kwa mkupuo afanyeje? Mwenye duka humwekea madonge yote kwenye mfuko ulioandikwa jina lake, naye analipia moja moja kadiri anavyopata. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna picha za pasipoti.

Linganisha na sisi wasomi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni nzuri kabisa. Lakini Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo ili utaratibu wake upangwe upya, ikarudi 2024. Malalamiko makubwa yalikuwa fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Vikundi hewa, jamani! Na pale kwenye benchi kuna kikundi cha watu wa nyama na damu, wanajuana majina ya watoto wao, wanadaiana na kulipana. Hicho tunakiita umbea, tunakiacha kifukuzwe. Kesho tutawaita kina mama walewale ukumbini, tuwape maji ya chupa na daftari, tuwafundishe "kujenga mtandao".

Najua mtasema sweta la mtumba ni rahisi zaidi. Kweli, mara nyingi ni rahisi. Lakini mtumba haukuchagulii rangi ya shule ya mwanao, wala hauulizi umeshaanza kliniki.

Tena tazameni kinachokuja badala yake. Mashine ya kubeti inamkuta kijana na elfu mbili, inamwacha bila nauli. Huyo tunamwita mwekezaji.

Sidai duka lipewe hisani. Halmashauri zetu zina vyumba vya biashara masokoni. Familia hii ipewe nafasi ya kupanga kimoja kwa kodi ileile wanayolipa wengine, na mbele yake pabaki futi chache za kuweka benchi. Hilo haliwezi kushinda mamlaka inayoweza kujenga stendi.

Na wewe mwana wa Njombe uliye Dar, ukienda nyumbani pita pale kabla mwezi haujaisha. Nunua hata donge moja la uzi, na ukae kidogo.

Nawasilisha. Mwenye kupinga aje na hoja, matusi abaki nayo kwake.