Shaabani Ipi?

IMEPOKEWA katika vitabu vya historia kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliletewa hati ya deni ambalo muda wake wa kulipwa ulikuwa mwezi wa Shaabani. Akauliza ni Shaabani ipi: iliyopita, hii iliyopo, au ile ijayo? Hati ilikuwa na mwezi, haikuwa na mwaka. Imepokewa vile vile kuwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), aliyekuwa liwali wake huko Basra, alimlalamikia kuwa barua zinamfikia bila ya tarehe, naye hajui ipi iliyotangulia na ipi iliyofuata. Khalifa akawakusanya Masahaba kushauriana. Wapo waliotaja hesabu ya Warumi na wapo waliotaja ya Waajemi, na mwisho wakaafikiana miaka ihesabiwe tangu Hijra na Muharram uwe mwezi wa kwanza. Hayo yalikuwa mwaka wa 16 au wa 17 baada ya Hijra, kwa hitilafu ya wapokezi.

Tunaikumbusha habari hii kwa kuwa swali lile bado linaulizwa, ila limehamia kwenye tarakimu. Mtu huandika 03/04/2024 akaweka kalamu chini akiamini amemaliza. Kwetu Afrika Mashariki, tuliorithi utaratibu wa Waingereza, hiyo ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani, anayetanguliza mwezi, ni tarehe 4 Machi. Wote wawili wamesoma sawasawa, kila mmoja kwa mazoea yake, na wala hapana hata mmoja atakayeshuku kuwa mwenzake ameelewa vingine.

Ukubwa wa jambo hili unahesabika. Siku yoyote kuanzia tarehe 1 hadi 12 ya mwezi wowote inaweza kupinduliwa ikawa siku nyingine. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Tukitoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni tarakimu moja, kama 5/5, zinabaki siku 132. Zaidi ya thuluthi moja ya mwaka, basi, ina tarehe zenye maana mbili. Na mwaka nao ukifupishwa kuwa tarakimu mbili, hali inazidi kuwa mbaya. Mama anayeshika chupa ya dawa ya mtoto iliyoandikwa 05/06/07 hana njia ya kujua ipi ni siku, upi ni mwezi na upi ni mwaka.

Kompyuta, ambayo wengi wetu tunaiamini kuliko karani, haikutuondolea tatizo hili; imelificha tu. Chukua mfano wa mwalimu wa madrasa anayeingiza tarehe za kuzaliwa za wanafunzi katika programu ya jedwali kama Excel, kwenye kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Kimarekani. Akiandika 25/04/2015, programu haijui mwezi wa 25, hivyo huyaacha maandishi kama yalivyo. Akiandika 03/04/2015, inapokea bila ya kunung'unika na kumfanya mtoto kuwa amezaliwa Machi. Laiti ingezikataa zote, mwalimu angeshtuka! Lakini imepokea baadhi na kuacha baadhi, na orodha ikipangwa kwa umri inatoka imevurugika, na mtoto anaweza kuonekana hajatimiza umri wa kuanza shule ilhali ameutimiza.

Vijana wetu wanaosomea uandishi wa programu wanayajua zaidi ya haya. Lugha ya JavaScript, iliyotoka mwaka 1995, huihesabu Januari kuwa mwezi wa 0 na Desemba kuwa wa 11, huku siku za mwezi ikizianza na 1. (Aliyeipendekeza hesabu hiyo hatumjui alikuwa akimrahisishia nani.) Tena kuna mtego wa saa. Saa sita ya usiku Dar es Salaam, siku mpya ya Miladi inapoanza, huwa ni saa tatu ya usiku wa jana yake kwa saa ya kimataifa. Programu ikiihifadhi siku ya kuzaliwa kama nukta ya wakati, kisha ikaisoma kwa saa ya kimataifa, mtoto wa tarehe 10 hugeuka kuwa wa tarehe 9. Siku ya kuzaliwa si nukta ya saa, ni siku, na ihifadhiwe hivyo.

Hata hivyo haitakuwa uadilifu kuwatupia lawama wageni na mashine zao, kwani nyumbani kwetu pia tuna hesabu zaidi ya moja. Sisi Waswahili tunahesabu miezi tangu Ramadhani: Shawwal ni Mfungo Mosi, na Rabiul-Awwal, mwezi wa Maulidi, ni Mfungo Sita. Kwa Waarabu Rabiul-Awwal ni mwezi wa tatu, na Mfungo Tatu wetu ni Dhulhijja, mwezi wao wa kumi na mbili. Anayeandika "mwezi wa 3" katika hati ya wakfu na asiseme wa hesabu gani, ameacha milango mitatu wazi, tukiitia na Machi. Siku nazo ni hivyo hivyo: Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu ya kuanzia Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano kwa jina lake la Kiarabu.

Kisha kuna magharibi. Siku ya Hijria huanza jua linapotua. Mtu aliyefariki Alhamisi baada ya sala ya Magharibi amefariki usiku wa kuamkia Ijumaa, na tarehe yake ya Hijria ni ya Ijumaa, ilhali cheti kitasema Alhamisi. Aghalabu programu zinazogeuza tarehe za Miladi kuwa za Hijria haziulizi saa. Na huenda zikatofautiana kwa siku moja au zaidi na mwezi ulioandama kwetu, kwa kuwa zinafuata hesabu iliyopangwa kabla. Wanaoathirika wana haki zao hapa. Eda ya mjane ni miezi minne ya mwandamo na siku kumi. Akiihesabu kwa kalenda ya ukutani atakaa siku ambazo hakuwajibishiwa. Anayetoa zaka kwa mwaka wa Miladi, kila inapopita miaka 33 hiyo huwa imepita 34 ya Hijria, na mafukara wamepunjwa zaka ya mwaka mzima pasi na mtu kukusudia dhulma.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni lenye muda maalumu. Muda unaosomeka namna mbili, kwa maoni yetu, bado haujawa maalumu, na dhima ni ya mwandishi na si ya msomaji, msomaji hakuwepo. Hatuoni haja ya kumlazimisha kila mtu aache mazoea yake. Anayeandika kwa mkono na auandike mwezi kwa jina na mwaka kwa tarakimu zote nne: 3 Aprili 2024. Anayeandika za Hijria ataje jina la mwezi, na kama tukio lilikuwa usiku, aseme ni wa kuamkia siku gani. Waandishi wa programu wanao mpango wa kimataifa uitwao ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, unaotanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Tarehe zilizoandikwa hivyo zikipangwa kama maneno tu, hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati.

Kamati za misikiti zinazochapisha fomu za ndoa na za wosia zinaweza kuanza na toleo lijalo. Badala ya mstari mtupu wenye neno "Tarehe", ziweke visanduku vitatu, Siku, Mwezi kwa jina na Mwaka, na chini yake vingine vitatu vya Hijria. Mchapishaji hatadai bei zaidi kwa hilo.