Mkimbizi na Mnyama wa Pori Si Maadui

"Wakimbizi wanamaliza pori." Neno hilo tunalisikia sana, na sisi vijana wa kikundi chetu hapa Giheke tunaona limefika wakati wa kujibiwa.

Tuseme ukweli kwanza. Mwaka 1994 watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kuingia Goma, wakawekwa karibu kabisa na Hifadhi ya Virunga. Walipikia kuni, na kuni zilikuwa ndani ya hifadhi. Miti ilikatwa vibaya, na mwaka huohuo UNESCO ikaitia Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hayo hatukatai. Lakini mama mwenye maharagwe makavu na watoto wenye njaa angepikia nini? Mahali pa kambi si yeye aliyepachagua.

Sasa tutazame Akagera, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 1997 hifadhi ile ilipunguzwa kutoka kilomita za mraba 2,500 hivi mpaka 1,100 na kidogo, ili waliorudi kutoka ukimbizini wapate pa kukaa na kulisha ng'ombe wao. Simba wakakamata ng'ombe, wafugaji wakawawekea sumu, mwishowe simba wakaisha kabisa. Mtu angesema basi, imekwisha. Haikwisha! Kuanzia 2010 usimamizi ulipangwa upya, uzio wa kilomita 120 ukajengwa, watu wa vijiji jirani wakapewa kazi. Mwaka 2015 simba 7 wakaletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, na 2021 wakaja vifaru weupe 30. Leo watu wapo, na simba wapo. Kilichobadilika ni mpango.

Huku kwetu Rusizi tuko jirani na Nyungwe, msitu wenye aina zaidi ya 10 za jamii ya nyani. Mwaka 2023 umeingia katika urithi wa dunia. Lakini tembo wake wa mwisho aliuawa 1999. Na Cyamudongo, kipande kidogo cha msitu kilichozungukwa na mashamba, bado kina sokwe wachache. Mtego wa waya unaotegewa swala mdogo hauchagui, unanasa hata mkono wa sokwe.

Ndugu zetu wa mashirika, gesi na majiko msiyahesabu kama zawadi kwa mkimbizi. Huo ni ulinzi wa msitu. Gesi ikiisha kabla ya mwezi kuisha, shoka ndilo linabaki. Tena, tangu 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za Rwanda inarudi kwa wakazi wa jirani. Ni jambo zuri. Tunaomba vijana wakimbizi nao wakumbukwe kwenye mafunzo na kazi: kuotesha miche, kuondoa mitego, kuongoza wageni. Wengi wetu tunaongea Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, hiyo ni mali.

Na nyinyi vijana wenzetu, tusinunue nyama ya pori hata ikiwa bei rahisi. Anayenunua ndiye anayetega.

Mtu akisema tena wakimbizi wanamaliza pori, tumuulize kwa heshima: mpango wa kupikia uko wapi?