Domeni ya Bure Ilimgharimu Anti Yangu KSh 12,500

Wasee, kuna simu moja sitaisahau. Wiki ya kwanza ya Desemba, saa mbili asubuhi, niko kwa matatu nimebanwa kwa dirisha. Ni Anti yangu, yule wa keki pale Umoja. "Wewe, ile kitu ya intaneti uliniwekea imeenda wapi? Mteja anasema haifunguki."

Nikaifungua kwa simu yangu. Kweli, imelala. Mahali palikuwa na picha za keki za harusi sasa kuna ukurasa mweupe unaosema akaunti imesimamishwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemtengenezea Anti hiyo tovuti, nikajiona mjanja sana. Nilipata kampuni ya kuhosti inauza KSh 999 kwa mwaka mzima, tena na domeni ya bure. Bure! Nani hukataa cha bure? Anti akafurahi hadi akachapisha jina la tovuti kwa maboksi 500 ya keki. Hayo maboksi ndiyo yaliyotuumiza.

Kumbe 999 ilikuwa bei ya mwaka wa kwanza tu. Ku-renew ilikuwa KSh 7,500. Imeli ya kutukumbusha ilitumwa kwa anwani ambayo mimi huifungua mara moja kwa mwezi, hiyo ni makosa yangu na nimekubali. Nikasema sawa, tutahama. Hapo ndipo nikaambiwa domeni iko kwa jina la kampuni, si la Anti. Tukitaka kuondoka nayo, kwanza tu-renew, halafu tulipe KSh 5,000 ya kuiachilia. Jumla 12,500. Anti alilipa. Angefanya nini, na jina liko kwa maboksi na Krismasi imefika?

Kwa hivyo leo maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga: watu wengi tukitafuta mahali pa kuhosti tunauliza swali lisilofaa. Tunauliza, "Ni ngapi?" Swali la kwanza linafaa kuwa, "Nikitaka kuhama kesho, nitatoka na nini?"

Fikiria keja. Kampuni ya kuhosti ni landilodi. Unamlipa, anakupa nafasi kwa seva yake. Maji yakipotea kila wiki unatafuta keja ingine, maisha yanaendelea. Lakini domeni si keja, ni jina lako. Hakuna mtu hukubali landilodi amwekee kitambulisho chake. Mimi nilikubali, kwa sababu ya 999.

Domeni inunue mwenyewe, kwa akaunti yako, na imeli yako unayoisoma. Zile za .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na wasajili walioidhinishwa, na bei yake kwa mwaka mara nyingi haifiki hata ile ada ya kuachiliwa tuliyolipa. Hakikisha jina lililoandikwa kama mwenyewe ni lako au la biashara, na kwamba unaweza kupewa msimbo wa kuhamisha bila kubembeleza mtu. Kama umetengenezewa tovuti na beshte, muulize leo. Si kwa ubaya, ni biashara.

Ukishamaliza hapo, sasa tuongee bei. Usiangalie bei ya mwaka wa kwanza, hiyo ni chambo. Tafuta bei ya ku-renew, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo huko chini, halafu piga hesabu ya miaka mitatu. Sisi 999 ikijumlishwa na 7,500 mara mbili ni 15,999. Kampuni iliyokuwa inauza 3,500 kila mwaka bila ofa yoyote ningelipa 10,500. Ile niliyoiita ghali ndiyo ilikuwa rahisi.

Pia usidanganywe na "bila kikomo". Seva ni mashine, ina diski na ina kikomo. Soma masharti, utapata wameweka kikomo cha idadi ya faili au cha nguvu ya prosesa, na ukipita unafungiwa. Na ile ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 inamaanisha bado inaweza kulala karibu dakika 43 kwa mwezi. Asilimia 99 inasikika karibu sawa, lakini hiyo ni masaa zaidi ya 7. Kwa mtu anayeuza keki Desemba, hayo masaa 7 ni pesa.

Kuna wale wataniambia, "Si uende tu kampuni kubwa ya ng'ambo, hizo hazilali." Manze, Machi 10, 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto. Hiyo ni moja ya kampuni kubwa kabisa Ulaya. Jengo moja liliteketea lote, na kuna wateja walipoteza data kabisa kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa hapo hapo. Ukubwa wa landilodi hauzimi moto. Nakala ya akiba weka mahali pengine, na moja iwe mkononi mwako. Mimi sikuwa nayo. Picha za keki tulizitoa kwa Status za zamani za Anti.

Kuhosti hapa Kenya kuna faida pia. Wateja wako wakiwa hapa, data haina haja ya kuvuka bahari kwenda na kurudi. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ikawa ya kutambaa? Lakini kampuni kuwa na ofisi Nairobi haimaanishi seva iko Nairobi. Wengi wanauza tena nafasi waliyonunua nje. Uliza. Ukiuliza, uliza Jumamosi usiku, ndio uone pia kama kuna mtu hujibu.

Na kama unataka tu ukurasa wa kuonyesha kazi zako, usilipe mtu. GitHub Pages na Cloudflare Pages zinakubebea kurasa za kawaida bure, na unaweza kuunganisha domeni yako. Hii bure ni tofauti na ile iliyotumaliza, kwa sababu jina linabaki lako. Wakibadilisha masharti, unabeba faili zako unaenda. Hata cheti cha SSL, ile kufuli ya kwa brauza, Let's Encrypt hutoa bila malipo, kwa hivyo anayekuuzia kile cha kawaida kwa maelfu muulize unalipia nini hasa.

Siku hizi tovuti ya Anti iko kwa kampuni ingine, ya bei ya kati, inayojibu simu. Domeni iko kwa jina lake. Paswadi ameziandika kwa kile kidaftari chake cha madeni, ambacho hakuna mtu kwa hii familia amewahi kuruhusiwa kukishika, hata mimi.

Sasa nenda uangalie: domeni yako iko kwa jina la nani?