Kidonda Kisisubiri Mashine

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukweli wa methali hii hudhihirika kila siku katika wodi za upasuaji. Mtu mwenye kisukari hubanwa na kiatu, hulipuuza lengelenge, na baada ya majuma machache hukatwa mguu. Kijana wa bodaboda huvunjika mfupa ukatokeza nje, na kidonda chake hukaa wazi miezi kadhaa. Nguvu ya kazi hupotea, na familia huuza mali yake ili kumwuguza mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo ni haki kuipokea kwa furaha tiba ya kufyonza vidonda, inayozidi kuenea duniani. Kidonda husafishwa, hujazwa sponji, kisha hufunikwa kwa plastiki inayonata pande zote isipitishe hewa. Mpira mwembamba huunganishwa na pampu, nayo hushusha kanieneo ndani ya kidonda, kwa kawaida hadi milimita 125 za zebaki chini ya kanieneo ya hewa ya nje. Majimaji huondolewa, uvimbe hupungua, kingo za kidonda huvutwa pamoja, na nyama mpya huchipua. Kidonda hufunguliwa kila baada ya saa 48 hadi 72 badala ya kila siku, na mgonjwa hupunguziwa maumivu ya kubanduliwa bandeji mara kwa mara.

Tiba hii ilipata sifa kubwa mwaka 1997, wakati Louis Argenta na Michael Morykwas wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walipotangaza matokeo ya kazi yao. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Wim Fleischmann wa Ujerumani alikuwa ameeleza namna alivyotumia sponji na ufyonzaji kutibu mivunjiko iliyo wazi. Tangu wakati huo mashine za aina hii zimekuwa biashara kubwa, na bei yake pamoja na sponji zake ni mzigo mzito kwa hospitali za nchi maskini.

Hapo ndipo inapotakiwa hekima. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 460 waliovunjika vibaya miguu na kupata vidonda vilivyo wazi. Baada ya miezi 12, waliofyonzwa vidonda hawakuwa na nafuu kubwa kuliko waliofungwa bandeji za kawaida. Utafiti huo hauibatilishi tiba yenyewe, maana yapo majeraha mengine ambayo inayafaa. Lakini unathibitisha kwamba mashine si mbadala wa kisu cha daktari wala wa mikono safi ya muuguzi. Nyama iliyooza isipoondolewa kwanza, au penye saratani au mshipa mkubwa wa damu ulio wazi, pampu yaweza kuleta madhara badala ya nafuu. Vilevile, umeme ukikatika kwa zaidi ya saa mbili, sponji haina budi kuondolewa, kwani hugeuka kuwa maficho ya vijidudu.

Haiti ilitoa somo jingine. Baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010, Danielle Zurovcik, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT cha Marekani, alifika huko pamoja na madaktari. Alichukua pampu ya plastiki yenye mikunjo kama mvukuto wa mhunzi, isiyohitaji umeme, ambayo gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 3 hivi. Ilidhihirika kwamba ugumu mkubwa haukuwa katika pampu bali katika kuziba plastiki isivuje. Hiyo ni kazi ya stadi na uangalifu, na stadi hufundishwa, hainunuliwi ng'ambo.

Kujitegemea, ambako Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikufanya kuwa msingi wa siasa ya nchi, kuna maana yake katika jambo hili. SIDO, vyuo vya ufundi na hospitali za rufaa zina wajibu wa kukaa pamoja na kutengeneza vifaa rahisi vinavyoweza kukarabatiwa hapa nchini, na kuvipima kwa uangalifu kabla havijatumiwa kwa wagonjwa. Kununua mashine ambayo sponji zake zitakwisha na kuiacha ghalani ni kufuja fedha za umma.

Lakini wajibu wa kwanza hautaki pampu hata moja. Katika miaka ya 2000, mradi wa Hatua kwa Hatua ulioendeshwa Tanzania na India ulifundisha madaktari na wauguzi kukagua na kutunza miguu ya wenye kisukari kabla haijaharibika. Kazi hiyo yafaa ifike katika kila zahanati. Walimu wana nafasi ya kuwafunza wanafunzi, na kupitia kwao wazazi, kwamba kidonda kisichopona huonyeshwa kwa mganga mapema. Wakuu wa idara nao hawana budi kuwapa ruhusa watumishi wanaokwenda kufungwa vidonda. Anayenyimwa ruhusa ya saa mbili leo, kesho huomba ya miezi sita, na pengine hurudi kazini kwa magongo.

Mashine nzuri ikipatikana na itumiwe vema. Kidonda, hata hivyo, kisiachwe kuisubiri.