UCHAMBUZI: Mita za kidijitali zafuta historia ya pikipiki kuukuu

MTU anayetaka kununua pikipiki iliyotumika, awe Masara, Macalder au mjini Migori kwenyewe, huwa na njia chache za kuujua umri halisi wa chombo anachouziwa. Atasikiliza mlio wa injini, atatazama moshi, atavuta mnyororo kwa kidole. Kisha atainama asome nambari za kilomita chini ya ule mshale wa mwendo. Rangi inaweza kupakwa upya na kiti kikashonwa upya, lakini nambari zile humweleza mnunuzi, japo kwa kugugumiza, chombo kimetoka wapi.

Siku hizi nambari hizo zinatoweka. Mahali pa saa mbili za mviringo zenye mishale kumewekwa kisanduku kimoja chenye kioo cha buluu au cha rangi ya machungwa, na kilomita zake zimeanza kuhesabiwa siku kilipofungwa. Pikipiki iliyobeba magunia ya mawe ya dhahabu kwa miaka kumi inaweza kusimama mbele ya mteja ikidai imekwenda kilomita 300 tu tangu izaliwe. Haijasema uongo, kwa kuwa haijui. Anayejua ni mwenye kuuza.

Mabadiliko haya hayakutangazwa na waziri wala kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Yameingia kimyakimya kupitia maduka ya vipuri, na chanzo chake si kigumu kukibaini. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250 mwaka 2008, vyombo hivyo vilimiminika nchini kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Vile vya mwanzo sasa vimezeeka na vimepita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne. Zaidi ya hivyo, zimo bado zile pikipiki za kizazi kilichotangulia, Yamaha AG100 na DT125, Honda XL125, Suzuki TF125, ambazo wasomaji wa rika langu watazikumbuka zikiendeshwa na maafisa wa ugani, machifu na mapadri. Kupata mita halisi ya chombo cha namna hiyo leo ni kazi ya kuchakura marundo ya vyuma. Mita ya kidijitali iliyoundwa Uchina hukubali kufungwa kwenye pikipiki yoyote, na vijana huipenda kwa sababu usiku inang'aa.

Masara ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Eneo hilo la Suna Magharibi linajulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu ambao riziki yao hutegemea mizani. Dhahabu huuzwa kwa gramu, na vipande vya gramu hubishaniwa mpaka jioni. Mizani ya mnunuzi iko chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, sawa na pampu ya petroli na ratili ya muuza nyama. Ila kipimo kilichofungwa kwenye usukani wa pikipiki inayombeba mchimbaji kutoka mgodini hadi nyumbani hakina mwenyewe.

Tuanze na kile cha zamani. Mita ya mshale haina umeme ndani yake. Katika gurudumu la mbele mna gia ndogo inayozungusha kebo nyembamba ya chuma. Kebo hupanda hadi kwenye saa na kuzungusha sumaku. Sumaku haiugusi mshale. Huzunguka ndani ya kikombe cha alumini na kukivuta kwa nguvu isiyoonekana, huku springi laini ikikizuia kisiende mbali. Kadiri gurudumu linavyokimbia ndivyo kikombe kinavyopinda na mshale kupanda. Otto Schulze alisajili hataza ya ubunifu huu nchini Ujerumani mwaka 1902, na haukubadilika sana kwa karibu karne nzima. Kebo hiyo hiyo huzungusha pia vigurudumu vyenye tarakimu vinavyohesabu kilomita.

Uzuri wake ni kwamba fundi mwenye koleo na grisi kidogo anaweza kuurekebisha chini ya mwembe. Ubaya wake ni kebo. Vumbi na tope huingia kwenye ala yake, grisi hukauka, na siku moja waya hukatika. Mwendeshaji huacha mambo yalivyo, maana injini bado inanguruma na abiria wanangoja. Mshale hulala kwenye sifuri, kilomita husimama pale zilipofikia, na chombo huendelea kufanya kazi miaka mitatu bila kuhesabiwa hata mita moja. Wapo wanaoing'oa kebo kwa makusudi ili siku ya kuuza tarakimu ziwe ndogo, na wapo wanaoifunga kwenye mashine ya kutobolea na kuizungusha kinyume. Kwa hivyo asitokee mtu akaniambia kwamba mita ya zamani ilikuwa shahidi mwaminifu. Ilikuwa shahidi ambaye angalau tuliijua tabia yake.

(Huku kwenye meza ya uhariri bado tunavutana: kipimamwendo, spidomita, au saa ya mwendo? Barabarani watu wamekwisha kuamua. Wanasema mita, na mita ndiyo ninayoitumia hapa.)

Mita ya kidijitali hufanya kazi kwa kuhesabu. Kipande cha sumaku hubandikwa kwenye gurudumu, na kila kinapopita mbele ya kihisi, mzunguko mmoja huandikwa. Kompyuta ndogo huzidisha mizunguko hiyo kwa urefu wa duara la tairi. Hapo ndipo penye mtego ambao wanunuzi wengi hawauoni. Urefu huo mita haiujui mpaka ielezwe na fundi. Tairi la inchi 3.00 kwenye ringi ya inchi 18 husafiri karibu mita 1.9 kwa mzunguko mmoja. Kwenye ringi ya inchi 17 husafiri mita 1.83 hivi. Mita iliyopangiwa ringi ya 17 ikifungwa kwenye ringi ya 18 itamwonyesha mwendeshaji kilomita 48 kwa saa wakati anakwenda 50. Hilo ni kosa dogo. Likikosewa jambo la idadi ya sumaku, kosa huwa la maradufu: gurudumu lina sumaku mbili, mita imeambiwa ni moja, na mwendo wa 40 husomeka 80. Mwendeshaji atacheka siku ya kwanza, kisha atazoea kutoitazama kabisa.

Lipo pia suala la umeme. Baadhi ya pikipiki za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia volti 6, na kwa nyingine taa zililishwa moja kwa moja na koili ya injini, umeme ukipanda na kushuka kadiri ya mkono wa mwendeshaji. Mita ya kisasa hutaka volti 12 zilizotulia. Ikifungwa bila kifaa cha kudhibiti umeme, itazima mwezi wa kwanza au itaonyesha tarakimu za ajabu kila taa ya kuashiria kona inapowaka. Na hata ikifungwa vyema, jua letu la ikweta haliihurumii. Kioo hufifia, maji ya mvua hupenya, na kisanduku chenyewe kimezibwa kwa namna ambayo hakifunguliki bila kuvunjwa. Makanika aliyezoea kutengeneza sasa anageuka kuwa mtu wa kuuza kingine kipya.

Tarakimu zenyewe zina uzito kuliko mapambo. Kila mtengenezaji hupanga huduma ya pikipiki kwa kilomita: kubadilisha oili, kukaza mnyororo, kurekebisha vali, kukagua breki. Mwenye chombo asiyejua kilomita zake hubadilisha oili kwa kuangalia rangi au kwa kukumbuka tarehe, na injini hulipia makisio hayo. Kijana anayetoa akiba yake yote, au kukopa kutoka kwenye chama cha akiba na mikopo, kununua pikipiki ya mkono wa tatu anakuwa amenunua fumbo. Pikipiki ikifa baada ya miezi minne, mkopo haufi nayo.

Je, sheria iko wapi? Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu kile anachouza. Kwa maoni yangu, anayeonyesha mita mpya na kunyamaza kuhusu ile ya zamani anatembea ukingoni mwa sheria hiyo. Lakini ni nani atakayethibitisha? Kitabu cha umiliki kinachotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) hutaja nambari ya fremu, nambari ya injini na mwaka wa kuundwa. Umiliki unapohamishwa, nambari ya kilomita haimo katika kumbukumbu ambayo mnunuzi anaweza kuitegemea.

Kuhusu usalama barabarani hali ni ya kushangaza zaidi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Kikomo hicho humtaka mwendeshaji ajue mwendo wake. Mwaka 2004 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alilazimisha matatu zote nchini kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80, na taifa zima lilijifunza kuzungumza habari za kasi kwa tarakimu. Pikipiki, ambayo wakati huo ilikuwa chombo cha wachache, haikuguswa na kanuni zile. Leo ndiyo gari la mama mjamzito, la mwanafunzi na la gunia la mahindi, na mara nyingi hukimbia ikiwa na mshale uliolala au kioo kilichozimika.

Wapo watakaosema hofu hii ya mita ni ya wazee wasiopenda mambo mapya. Sikubaliani nao, ila wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa: mita ya kidijitali iliyofungwa vizuri ni bora kuliko mita ya mshale iliyokatika kebo. Humwonyesha mwendeshaji kiwango cha mafuta, jambo ambalo pikipiki nyingi za zamani hazikuwa nalo. Mtu alifungua kifuniko cha tangi, akalitikisa na kusikiliza, au alingoja injini ikohoe ndipo ageuze bomba kwenye akiba. Anayesafiri usiku kutoka Masara kuelekea Muhuru Bay hatalidharau jambo hilo.

Lakini kuna pikipiki ambazo hazina mshale wa kung'olewa, kwa sababu zimezaliwa na kioo. Mnamo Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa usafiri wa umeme, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikalegeza mzigo wa ushuru kwa pikipiki za umeme. Kampuni kama Roam, Spiro na Ampersand zimejenga biashara zao jijini Nairobi na kwingineko. Katika vyombo hivi kioo cha mbele kina kazi ya ziada. Pale ambapo betri ni mali ya kampuni na mwendeshaji huibadilisha kituoni kwa malipo, asilimia ya chaji anayoiona ndiyo kipimo cha bidhaa aliyoilipia. Ni mizani ya muuza nyama iliyogeuzwa ikawa kioo. Na tofauti na mizani ya sokoni, hakuna afisa wa kaunti anayefika kila mwaka kuigonga muhuri.

Isitoshe, tarakimu hizo huweza kusafiri. Mita ya kebo ilikuwa siri kati ya mtu na pikipiki yake. Chombo cha umeme chenye mawasiliano ya mtandao, au cha petroli kilichonunuliwa kwa mkopo na kufungwa kifaa cha kukifuatilia, hupeleka habari za safari kwa mtu aliyeketi mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa raia haki ya kujulishwa habari zake zinatumiwaje na haki ya kuziona. Ningependa kumwona mwanabodaboda mmoja akiidai haki hiyo, apewe karatasi inayoonyesha kilomita alizokwenda na chaji aliyoilipia, azilinganishe.

Mengi ya haya yako mikononi mwa kaunti kuliko tunavyodhani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti usimamizi wa biashara ya haki, leseni za biashara na vyuo vya ufundi vya vijijini. Bunge la Kaunti ya Migori halihitaji ruhusa ya Nairobi kumtaka mwenye leseni ya kuuza vipuri aandike kwenye risiti nambari iliyokuwa kwenye mita ya zamani siku alipoing'oa. Vyuo navyo vinaweza kufundisha kupima duara la tairi, kazi ya chaki na utepe wa kupimia isiyozidi dakika tano, pamoja na kusoma mchoro wa nyaya.

Kwa upande wa NTSA, nafasi moja ya kuandika kilomita katika fomu ya kuhamisha umiliki ingetosha kuanzia. Atakayedanganya atakuwa amedanganya kwa maandishi, na mnunuzi anayefuata ataona tarakimu zikirudi nyuma.

Hadi hapo, anayenunua pikipiki yenye kioo kipya na aiulize mita ya zamani iko wapi. Fundi mzuri huwa hakuitupa. Huwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na skrubu zake, nambari zikiwa zimesimama pale zilipokatikia, na mwenye kuuza kwa nia njema hatasita kuikabidhi pamoja na ufunguo.